Rangi Haioti Tena

"Piga polishi tu, litarudi jipya." Kila mwenye gari Dar es Salaam ameshaambiwa hivyo: na jirani, na shemeji, na dalali wa yadi, na kijana anayeosha magari pale kona. Boneti limepauka? Polishi. Kuna vile vikwaruzo vya duara duara vinavyojitokeza jua likipiga? Polishi. Unataka kuliuza? Polishi mara mbili. Na rangi ikiharibiwa na polishi yenyewe, dawa ni ile ile: rudi kwa fundi akupigie nyingine, ya kwanza haikukolea.

Naupinga ushauri huu, wa mwanzo hadi wa mwisho. Umeniharibia gari, sitaficha hilo. Lakini kinachoniudhi zaidi ni kwamba wote umejengwa juu ya dhana moja isiyo kweli, kwamba polishi huongeza kitu kwenye rangi. Polishi hukata. Ile kompaundi iliyomo koponi ni uji wenye punje ngumu ndogo mno, nyingi zikiwa za oksidi ya alumini, madini yanayotumika pia kutengenezea misasa. Fundi akiizungusha kwa mashine juu ya boneti lako, hafuti mkwaruzo kama mtu anavyofuta doa la chai mezani. Anauteremsha uso mzima wa rangi mpaka ufikie usawa wa kitako cha mkwaruzo. Mkwaruzo hauonekani tena kwa kuwa rangi iliyouzunguka imeondolewa. Imetoka na kitambaa, imekwenda na maji ya kuoshea.

Sasa jiulize kuna kiasi gani cha kuteremsha. Chukua karatasi moja ya kuchapishia, ile nyeupe ya ofisini. Unene wake ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita, yaani maikroni 100. Rangi yote ya gari kutoka kiwandani, kuanzia koti la kuzuia kutu lililoshika bati, kisha undakoti, kisha rangi yenyewe, hadi klia ya juu, kwa kawaida huwa na maikroni 100 hadi 150, na magari mengi ya Kijapani hukaa upande wa chini wa hesabu hiyo. Klia peke yake ni maikroni 40 au 50. Nusu ya karatasi. Unywele wa kichwani mwako huenda ni mnene kuliko ngao nzima inayolikinga gari lako na jua la Kibaha au chumvi ya Kigamboni.

Kompaundi kali kwenye pedi ya sufu na mashine inayokwenda kasi inaweza kula maikroni 2 hadi 5 kwa mkupuo mmoja. Msasa wa maji ukitangulia, huliwa zaidi. Tuseme ni 3 tu, na tuseme mwenye gari hupiga polishi mara tatu kwa mwaka: Pasaka, Idi na Krismasi, kama wengi wafanyavyo. Hizo ni maikroni 9 kwa mwaka. Kwa miaka 5 klia yote imekwisha. Na haifiki hata huko, kwa sababu klia hufa kabla haijaisha. Ndani yake kuna viambato vinavyonyonya miale mikali ya jua isiifikie rangi iliyo chini. Klia ikishakuwa nyembamba, miale hupenya, rangi ya chini huanza kuwa unga, na klia hukosa pa kushikilia. Ndipo unaona paa na boneti vinabanduka magamba kama mgongo wa mvuvi aliyeshinda ngarawani bila shati. Huanzia paa, boneti na buti kwa sababu ndivyo vinavyolitazama jua, na ndivyo pia fundi anavyovipiga zaidi, kwa kuwa ndivyo vilivyopauka. Vilivyotangulia kupauka ndivyo vinavyokwanguliwa kwanza.

Aliyezoea kukuna nazi anajua pa kuachia. Mbuzi inakwangua nyama nyeupe, mkono unasikia, na jicho linaona pale rangi ya kahawia inapoanza kutokeza. Hapo unakigeuza kifuu upande mwingine au unakiweka chini, maana ukiendelea tui litaingia takataka. Boneti halikupi dalili hiyo. Klia ni kama kioo. Ikiwa na maikroni 45 utaona bluu ya gari lako, ikiwa 20 utaona bluu ile ile, na ikiwa 5 bado ni bluu, tena huenda inang'aa kuliko siku ulipolinunua. Ndiyo maana watu wazima wenye akili zao wanaamini kwamba polishi haina hasara: hasara yake haionekani mpaka siku ya mwisho.

Siku hiyo niliiona kwa macho yangu. Lilikuwa sedani la Kijapani, bluu iliyokoza, lililokuwa limetembea huko kwao miaka 9 kabla ya kushushwa bandarini. Kabla sijaligusa lilikuwa limeshapigwa polishi yadi. Muuzaji mwenyewe aliniambia kwa fahari. Mimi nikaongeza mara tatu ndani ya miaka miwili. Ya mwisho ilikuwa kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Fundi alikuwa kijana mwenye bidii, mashine yake mpya, na mimi nilisimama pembeni nikimhimiza aliguse kila doa. Alipofika kwenye ule mkunjo wa boneti unaoshuka kuelekea taani, pedi ikatoka na bluu. Kwenye gari lenye klia, pedi haitakiwi kutoka na rangi ya gari hata kidogo. Ikitoka, umeshavuka. Palibaki alama kama kiganja, butu, yenye ukingo unaozunguka kama ramani ya kisiwa. Akaniambia, "Bosi, hapa nikirudia patakaa sawa." Nikamwachia arudie. Kikatokea kijivu cha undakoti.

Simlaumu peke yake, na jina la gereji yake halina kazi hapa. Kwenye mikunjo na kingo rangi huwa nyembamba tangu kiwandani, kwa sababu ikiwa mbichi hukimbia ncha na kujikusanya kwenye tambarare. Na hapo hapo kwenye ncha ndipo pedi inapokaza na joto linapojilimbikiza. Fundi aliyefundwa huziba mikunjo kwa utepe wa karatasi kabla ya kuwasha mashine. Huyu hakufundwa, alionyeshwa tu kitufe cha kuwashia. Lakini aliyetaka gari ling'ae kuliko la bwana harusi nilikuwa mimi.

Najua majibu ya wanaonipinga, nimeyasikia vijiweni, na jibu la kwanza ndilo zito. "Gari langu limepigwa mara kumi na halina neno." Nakubali kwamba yapo magari ya namna hiyo, ila yana sababu zake. Mafundi wazee waliotufundisha sisi sote kupenda polishi walijifunza kazi kwenye Land Rover na Peugeot za miaka ya 1970, nyingi zikiwa na rangi isiyo na klia juu yake, rangi ile ile kuanzia uso hadi undakoti. Jua likiipiga, uso wake hugeuka chaki. Ukiikwangua chaki, chini yake kuna rangi nzima, na gari kweli linarudi. Kitambaa kikitoka chekundu kwenye gari jekundu, hilo halikuwa kosa, ndiyo kazi yenyewe. Klia ilienea viwandani katika miaka ya 1980, lakini ushauri haukubadilika. Hata baada ya hapo, Toyota nyingi nyeupe zenye msimbo wa rangi 040 ziliendelea kutoka bila klia, na ndizo zilizojaa barabarani kwetu, Hiace za abiria zikiwa miongoni mwake. Basi mtu anaiona Hiace ya jirani ikirudi nyeupe pe, anakwenda kufanya vile vile kwenye gari lake la rangi ya fedha lenye klia, anashangaa mwaka wa tatu paa linamenyuka. Hekima ya wazee ilikuwa sahihi kwa magari yao. Sisi tumeihamishia kwenye magari mengine bila kuuliza.

Sababu ya pili ni kwamba gari hilo la mara kumi huenda lilishapuliziwa rangi upya gerejini, koti juu ya koti, na lina unene mara mbili au tatu ya ule wa kiwandani. Ya tatu ni kwamba lilichopakwa hakikuwa polishi inayokata, bali waksi, au yale mafuta ya kujaza mikwaruzo yanayong'arisha mpaka gari lioshwe mara ya tatu. Mwenye gari huyo amelipia mng'ao wa wiki mbili, lakini angalau rangi yake imesalimika. Kuna walioponzwa na fundi hodari na kuna waliookolewa na fundi mvivu.

Jibu la pili hujificha nyuma ya methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkwaruzo ukiuacha, wanasema, utakua na kuleta kutu. Hapana. Mkwaruzo ulioishia ndani ya klia haukui na hauoti kutu, kwa sababu kutu inataka bati lililo wazi, na bati liko maikroni 60 au 80 chini yake. Unaweza kukaa hapo miaka 10 bila kudhuru kitu isipokuwa macho ya mwenye gari. Pitisha ukucha juu yake: usipokwama, mkwaruzo ni wa klia, uache. Ufa unaopaswa kuzibwa ni ule ulioonyesha bati, na huo hauzibwi kwa polishi, huzibwa kwa brashi ndogo na rangi yenye msimbo wa gari lako. Methali ni ya kweli, ufa walioushika ndio siyo.

Wa tatu ni wauzaji, na kwao nina hasira ya haki. Wanasema mnunuzi anataka mng'ao, nao wanampa. Waswahili walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mimi nikipita yadi nikaona gari la miaka 12 linang'aa kama limepakwa asali, silioni uzuri wake. Naona maikroni zilizochukuliwa kutoka kwa mtu atakayelinunua. Muuzaji anapata bei nzuri ya leo kwa kutumia klia ya kesho, na anayeilipa kesho hakuulizwa. Kama gari lile lilipigwa polishi kabla ya kuuzwa mnadani Japani, likapigwa tena yadi, kisha mwenye gari mpya akalipiga kabla ya kulionyesha nyumbani, basi limekatwa mara tatu na bado hata bima yake ya kwanza haijaisha.

Wapo pia wanaosema tatizo ni fundi mbaya, polishi haina kosa. Hapa nitaachia kidogo. Yuko fundi anayeanza na pedi laini na polishi nyepesi kabisa, anajaribu sehemu ya kiganja kimoja, anatazama, na akiona inatosha haendi kali zaidi. Huyo huondoa maikroni moja au pungufu, na gari lililotunzwa linaweza kumudu kazi yake mara moja au mbili katika maisha yake yote. Lakini hata yeye anakata. Ufundi wake unapunguza hasara, hauigeuzi kuwa faida. Na fundi mzuri utamjua kwa neno ambalo wateja hatulipendi: "Hapa sigusi."

Asiyeniamini kuhusu rangi, azitazame taa za mbele. Kioo cha taa za siku hizi ni plastiki ya polikaboneti, na kiwandani hupakwa ngozi ngumu ya kuzuia jua. Ikianza kuwa njano, vijana wa barabarani huisugua kwa msasa na kompaundi, wengine kwa dawa ya meno, na kwa dakika 20 inakuwa nyeupe kama maji. Kabla mwaka haujaisha imerudi njano, mbaya kuliko mwanzo. Kwa nini? Kwa sababu kilichosuguliwa ni ile ngozi ya kinga, na hakuna aliyeirudisha. Unairudia, inarudi haraka zaidi. Kila mtu ameliona hili kwenye taa zake na kulalamika. Boneti linafuata njia hiyo hiyo, ila kwa mwendo wa pole.

Haya, na aliyekwisha kuharibiwa afanye nini? Kwanza aache. Asirudi kwa mashine wiki hiyo, hata kama fundi amejitolea kurudia bure. Alioshe gari vizuri, aliweke juani, alitazame. Akiona mistari kama ya mafuta yanayocheza kila akisogea, hizo ni nyayo za pedi ya sufu na kompaundi kali. Hilo ndilo dhara pekee la polishi ambalo polishi inaweza kulitibu, kwa pedi laini ya sponji na dawa nyepesi kabisa, mkupuo mmoja, basi. Ila kabla ya huo mkupuo mmoja, apimiwe. Kipo kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, kinashikwa mkononi, kinawekwa juu ya bati na kusoma maikroni. Hakisomi bampa la plastiki, na hakitenganishi klia na rangi, kinasoma jumla. Lakini kama milango inasoma 110 na boneti linasoma 75, huhitaji kuambiwa kilichotokea bonetini. Mahali hapo pasiguswe tena. Nashangaa gereji inayonunua mashine mbili za kupigia polishi na kukosa kipimo kimoja. Ni kama duka la nyama lenye visu bila mizani.

Akiona doa butu lenye ukingo, kama langu, klia imekatika. Hakuna polishi, waksi wala mafuta ya nazi yatakayoirudisha. Waksi italificha ikiwa mbichi, kisha doa litajitokeza mvua ya kwanza. Na hapa huibuka ushauri mbaya kuliko wote: "puliza klia juu, yaishe." Klia mpya ikipulizwa juu ya klia inayokufa hushika kile kilichokwisha kuachia, na zikibanduka hubanduka pamoja, vipande vikubwa. Dawa ni paneli hiyo moja, siyo gari zima: ikwanguliwe kwa msasa mpaka kwenye rangi iliyoshika imara, ipigwe undakoti palipo wazi, ipuliziwe rangi, kisha klia ya paneli nzima mpaka kwenye kingo zake, siyo kiraka katikati. Mwambie fundi umeshapaka nini hapo awali. Mafuta ya kung'arishia yenye silikoni yakibaki, rangi mpya itakimbia na kuacha vidimbwi vidogo kama macho ya samaki, na hapo mtaanza kulaumiana. Na kama anapuliza klia ya kuchanganya na kikausho bila barakoa ya kazi hiyo, mkatalie. Ule mvuke una kemikali zinazoweza kumpa pumu ya maisha. Nimewaona vijana wamefunga leso mdomoni, na leso haizuii chochote.

Lakini wengi wanaosoma hapa bado hawajafika huko, nao wanapiga polishi kuondoa mikwaruzo ambayo wanaitia wenyewe kila asubuhi. Mlinzi anaamka saa 11, kwa nia njema kabisa, anachukua kitambaa kikavu na kulifuta vumbi gari la bosi. Vumbi letu ni mchanga, na punje ya mchanga ni ngumu kuliko klia, ni ngumu hata kuliko bati lililo chini yake. Kila anapovuta kitambaa anachora. Jumamosi gari linaoshwa kwa ndoo moja, dodoki lile lile lililotoka kwenye rimu likapanda juu ya boneti, na sabuni ya unga ya kufulia. Mwezi wa tatu limejaa vikwaruzo vya duara, linapelekwa kukatwa, linarudi kwa mlinzi yule yule na kitambaa kile kile. Mimi nilimwomba wetu, "Mzee, likiwa na vumbi liache na vumbi lake," na ilimchukua wiki kadhaa kukubali, maana kwake gari chafu getini ni aibu yake. Sasa linamwagiwa maji kwanza, mchanga unashuka, ndipo linaguswa, kwa ndoo mbili. Kinyesi cha kunguru au popo hatungoji Jumamosi. Kinalainishwa kwa maji siku hiyo hiyo, kwa sababu kikikaa juani kinachimba klia. Chini ya mwembe sipaki tena.

Boneti nilipaka upya, paneli moja, na ukisimama pembeni saa 10 jioni utaona bluu yake imepishana kidogo na ya madigadi. Paa halijaguswa. Lina vikwaruzo, na kipimo kilipowekwa hapo kilisoma 82, kwa hiyo vitakaa. Mwezi uliopita nilisimama kwenye kituo cha mafuta, kijana akaja na kopo na kitambaa, akalizunguka gari, akaweka kidole kwenye mkwaruzo mrefu wa mlango wa nyuma. "Mzee, huu nautoa dakika tano." Nikamwomba apitishe ukucha. Ulipita bila kukwama. Nikamshukuru, nikajaza mafuta, nikaondoka nao.